Maziwa Mbele ya Leza

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi tu Kibonge kasimama! Mwenyewe! Nilimkalisha chini nivue viatu vya kazini, kugeuka — huyo, kashika ukingo wa kitanda kwa vidole vyote, miguu inatetemeka kama ya mlevi, shingo kaigeuza aone kama namwona. Nikapiga kelele. Akashtuka, akaanguka kwa makalio, puu! Badala ya kulia akacheka na yale meno yake mawili. Nimembusu mpaka mama mkwe akasema, utammaliza huyo mtoto, mbakishe na wa kesho.

Miezi minane tu. Mwanangu ana haraka na dunia.

Nimefurahi, maana kazini leo sikufurahi. Nimekuta chumba changu hakipo.

Nasema chumba changu. Wao wanasema stoo. Kipo mwisho wa korido, hakina dirisha, kina taa moja, stuli, na mlango. Tangu nimalize likizo ya uzazi nimekuwa nikiingia humo saa ya chakula na pampu yangu ya mkono. Nakamua, natia kwenye chupa, chupa kwenye kibegi cha barafu, na kesho yake bibi yake anamnywesha nikiwa kazini. Hakuna aliyenipa ruhusa. Hakuna aliyenikataza. Nikadhani mambo mema ndivyo yanavyokwenda, kimyakimya.

Leo stoo imejaa hadi juu. Masanduku ya mbao, makubwa, hata paka asingepenya. Nikamuuliza Miwani, vipi tena? Miwani ni fundi wa mitambo, kijana mdogo. Tunamwita hivyo kwa sababu ile miwani yake ya rangi ya chungwa ya kukinga macho haimtoki kichwani, hata akila. Akasema, mtambo mpya umefika, dada! Leza! Anarukaruka kama Kibonge.

Sawa, na masanduku? Akasema hayo ni maganda tu, mtambo umeshatolewa. Ila Mkuu wa maabara kasema yasitupwe. Leza ikiharibika inarudishwa kiwandani ndani ya masanduku yake.

Kwa hiyo mtambo umeshawekewa nafasi hata ya siku utakayougua. Mimi ninayevuja maziwa leo hii sina.

Nimekwenda kukamulia chumba cha sampuli. Saa ya chakula hakuna mtu mle. Na jengo zima hakuna pasafi kama pale — najua, maana napasafisha mimi.

Jumatano, 5 Machi

Kibonge sasa kila akisimama anatudai makofi. Usipompigia anakukazia macho.

Leo Miwani kanieleza leza. Kuiona sijaiona, imefungiwa ndani ya sanduku la chuma na mlangoni kuna taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna kuingia. Kanieleza tu huku mimi nasuuza vichupa. Ndiyo kazi yangu pale, kuosha vyombo vya maabara na kusafisha vyumba. Vichupa vingine havitakiwi sabuni kabisa. Wanasema sabuni ikibaki, kwenye mzani inapiga kelele kuliko sampuli. Mwanzoni nilikuwa natega sikio nisikie hizo kelele!

Mzani naita mimi. Una jina refu kama treni. Unapima uzito wa vitu ambavyo jicho la sindano kwavyo ni uwanja wa mpira. Wanachukua damu ya wagonjwa wa figo, protini zilizomo wanazikatakata zinakuwa vipande vifupi, na kila kipande, kasema Miwani, ni kama mkufu wa shanga. Kila shanga ina uzito wake. Ukiuvunja mkufu na ukapima vipande, unajua shanga ipi inafuata ipi. Ukijua hivyo, unajua protini ni ya nani na ina kasoro gani.

Shida ni kuuvunja. Zamani walikuwa wanaugongesha na hewa. Unakatika pale palipolegea tu, kwingine shanga zinabaki zimekumbatiana. Leza ni mwanga. Wala huuoni kwa macho. Unapiga mara moja, pa! — mkufu unakatika popote, kila kiungo. Unasomeka wote, mwanzo mpaka mwisho.

Nimemsimulia Baba Kibonge. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mambo ya mwanga anayajua, macho yake mekundu kila jioni. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Yaani mimi mwanga wangu unaunganisha, wao wa kwao unavunja, halafu wao ndio wanaovaa makoti meupe!

Chumba cha sampuli tena leo. Maziwa mengi, chupa imejaa mpaka shingoni.

Ijumaa, 7 Machi

Kalamu inatoboa karatasi. Si woga. Hasira!

Asubuhi Mkuu katuita wote. Mkuu wa maabara ni mama mtu mzima, kanyooka kama rula, hapandishi sauti hata siku moja. Kasema leza imetoa picha yake ya kwanza nzuri, na picha hiyo haina uhusiano na figo. Kuna kitu kimeingia kwenye damu ya wagonjwa. Protini ya maziwa.

Watu wakacheka. Nani kamwaga chai? Mhasibu akainua kikombe chake, yangu ya rangi, jamani! Mkuu hakucheka. Kamwambia Miwani, sema.

Miwani akasema huku anatazama viatu vyake. Kwa ile njia ya hewa tungesema ni maziwa, basi, tumeishia hapo. Sasa tumesoma shanga zote. Ya ng'ombe hayako hivi. Haya ni ya mtu.

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, polepole, kama feni. Jengo zima mwenye mtoto anayenyonya ni nani?

Nikasimama. Nikasema, ni yangu.

Ningefanyaje, nikatae? Shanga zimeshasomwa.

Mkuu akaniuliza mbele ya wote, kwa nini. Nikasema stoo imejaa. Akauliza, na kwa nini kule, kati ya vyumba vyote? Nikamwambia ukweli: kwa sababu ndiko kusafi. Mtu akimtafutia mwanawe chakula anatafuta pasafi, na ile meza naipangusa mwenyewe kwa spiriti. Tone likidondoka sikuliona. Glavu nilibadilisha, lakini pengine baada ya kugusa vichupa. Sijui. Kuna mtu akakohoa kuficha kicheko. Mhasibu, namjua.

Nimewaharibia sampuli, sikatai. Mtu mgonjwa alitoa damu yake, nami nikaichanganya. Hilo limeniuma kweli, nimesema samahani na nilimaanisha.

Lakini yaliyofuata ofisini kwake — hapana.

Kasema kuanzia leo ndani ya jengo lile hakuna kukamua. Kama lazima, choo cha nje kipo. Na Ijumaa ijayo wanakuja wageni, wale waliogharamia leza. Kufikia siku hiyo niwe nimemwachisha mtoto. Nisipoweza, kuna nafasi ghalani, zamu ya usiku.

Zamu ya usiku! Mtoto ananyonya usiku kutwa — nimeandika nini, usiku kucha! Yaani mchana wamnyime, na usiku nisiwepo.

Kaniuliza, tumeelewana? Nikasema, nimekusikia.

Si kitu kimoja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima nimekaa na Kibonge mapajani. Ana tabia mpya, akinyonya ananishika kidevu, anakivuta kama anataka kuondoka nacho. Amwachishe nani!

Mama mkwe anamnywesha na kumwogesha kila siku, na sitasahau wema wake. Ila mdomo! Kasema, ana meno mawili, anatafuta nini tena huko kifuani? Baba yake mimi nilimwachisha akiwa na miezi sita, na mwone alivyo.

Nikamwona alivyo. Kalala kochini, mdomo wazi, soksi moja. Nikamhamishia Kibonge titi la pili.

Alipoamka naye kasema yake. Usibishane na wakubwa, mke wangu. Maziwa ya kopo yapo madukani. Nikamwambia, na ya kwangu yapo hapahapa, hayana hata haja ya duka. Akasema, nakuhurumia tu, zamu ya usiku utaiweza? Nikasema siendi zamu ya usiku, na simwachishi, na chooni siendi. Akauliza, sasa utafanya nini? Nikasema sijui bado.

Chooni! Nani pale kazini anakwenda na chai yake chooni? Mhasibu? Na andazi lake?

Jumatatu, 10 Machi

Nimekamulia nyuma ya tangi la maji, nimesimama, mtandio kichwani mpaka kiunoni kama mzimu wa mchana. Mvua ya manyunyu. Mlinzi wa getini kanigeuzia mgongo bila kuambiwa, akaanza kupiga mluzi kumfukuza yeyote anayekaribia. Mungu ambariki. Lakini maziwa yanajua kama umestarehe au hukustarehe. Yametoka nusu ya kawaida.

Halafu jambo lililokuwa linaniwasha tangu Ijumaa. Nikamkamata Miwani penye sinki.

Nikamuuliza, sampuli za nyuma, kabla yangu, mlikuwa hamkuti uchafu?

Ohoo, kasema, kila siku. Ngozi.

Ngozi ya nani?

Ya kila mtu, dada. Yangu, ya Mkuu, ya yeyote aliyeinama juu ya kichupa. Nywele. Mkuu ana ile sweta yake ya sufu, siku akiivaa mle ndani unamkuta kondoo mzima.

Na mnafanyaje?

Hatufanyi kitu. Kompyuta ina orodha ya vitu vinavyoingia kila mara. Ikiviona inavifuta, tunaendelea. Hata maziwa ya ng'ombe yamo kwenye orodha.

Nikaweka kichupa chini.

Ng'ombe yumo?

Yumo.

Kondoo yumo?

Yumo, dada.

Na mimi?

Akaishusha ile miwani ya chungwa ikafunika macho. Nadhani alitaka kujikinga na mimi! Akasema, ya binadamu hakuna aliyewahi kufikiria kuyaweka.

Basi mambo yako hivyo. Ngozi zao zinasamehewa na kompyuta bila hata mtu kuulizwa jina. Ng'ombe asiyejua maabara ni nini kasamehewa. Maziwa ya mwanangu yanaitiwa kikao!

Nimeosha vichupa vyote leo kwa nguvu mpaka kimoja kimevunjika. Nimekwenda kusema mwenyewe, kimevunjika. Mkuu kasema, andika kwenye daftari la vilivyovunjika. Hakuinua uso.

Jumanne, 11 Machi

Wametundika picha koridoni. Kubwa, ina fremu na kioo. Mistari mirefu na mifupi kama kitana kilichong'oka meno, na juu ya kila mstari herufi. Chini yake wameandika: Protini ya majaribio, ilivyosomwa kwa leza, kiungo kwa kiungo.

Mlinzi alikuwa anapita na funguo. Nikamuuliza, wewe unaona nini hapo? Akatazama kwa makini. Uzio, akasema, ila mbao nyingine zimeibwa.

Miwani akanisogelea, akaninong'oneza. Ni yako hiyo.

Yangu nini?

Maziwa. Za figo bado hazijatoka vizuri, zinavunjika nusunusu, tunarekebisha. Ya kwako ilivunjika yote, hakuna herufi hata moja iliyokosekana. Sijawahi kuona mkufu unasomeka hivyo. Mkuu kasema hiyo ndiyo wageni wataonyeshwa.

Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikaenda mpaka mlangoni kwa Mkuu nayo, sikukumbuka hata kuiweka.

Shikamoo, Mkuu.

Marahaba. Kuna nini, bibie?

Naomba kujua, ile picha ya koridoni ni uchafu au si uchafu?

Akanitazama. Akaitazama ndoo. Akasema, ni sampuli nzuri iliyoingia mahali pabaya.

Nikasema, basi nipe mahali pazuri.

Nimeshangaa mwenyewe lilivyotoka. Akavua miwani yake ya kusomea. Akasema, masanduku yale yana dhamana, hayatoki. Nikasema yasimame koridoni. Akasema hapatapitika. Nikasema basi nje, chini ya bati. Yatalowa, akasema. Nikamuuliza, na mimi ninayelowa nyuma ya tangi, dhamana yangu anayo nani?

Akasema kwa sauti ileile ya kawaida, wa kwangu wawili niliwaachisha wakiwa wadogo kuliko huyo wako, nikarudi kwenye mitambo, na ni watu wazima leo, wazima wa afya. Lakini mkono wake ulikuwa unapanga kalamu mezani. Kalamu zilikuwa zimeshapangwa.

Nikasema, pole, Mkuu.

Sikumaanisha ubaya! Ilinitoka moyoni. Na hapo ndipo alipokasirika, kuliko nilipobisha. Kasema, Ijumaa ni Ijumaa. Funga mlango.

Nimeufunga. Taratibu, usidhani nimeubamiza. Kisha nimepangusa kioo cha ile picha mpaka kimeng'aa. Ni kazi yangu, na ni maziwa yangu.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimecheka mpaka nimekaa chini!

Miwani kaja na kichupa kitupu, kidogo kama kidole cha Kibonge, kifuniko cha bluu. Kazungukazunguka. Hali ya mtoto? Nzuri. Kashaanza kutembea? Miwani, sema unachotaka.

Akasema, wageni hawataki picha tu. Wanataka kuona leza ikivunja kitu mbele ya macho yao. Za figo bado zinagoma. Mkuu anauliza kama... matone machache tu... ya leo au ya kesho, mabichi... kwa ajili ya majaribio.

Nikamwambia rudia.

Akarudia. Masikini, jasho!

Yaani yale yaliyokatazwa kuingia kwenye jengo, sasa yanaombwa yaingie kwa mlango wa mbele. Nilicheka, na nilipomaliza kucheka sikuwa na mzaha tena. Nikamwambia, kamwambie Mkuu, kwa heshima zote. Sikatai. Wagonjwa wa figo nawatakia heri. Lakini masanduku yatoke stoo. Nipewe mlango unaofungwa kwa ndani. Na habari ya ghala isisikike tena. Hapo nitajaza kichupa, na cha pili juu yake.

Akaniambia, dada, na akikataa? Ukafukuzwa je?

Nikasema, akikataa, awaonyeshe wageni leza ikivunja kondoo.

Jioni nimewasimulia nyumbani. Nikategemea mama mkwe aseme nikubali, niache ukaidi. Wapi! Kaweka mikono kiunoni. Wanataka maziwa ya mjukuu wangu? Wayapige moto kwa mitambo yao? Bila hata kuja kuniuliza? Nikamwambia, lakini Mama, si ulisema nimwachishe? Akasema, kumwachisha ni shauri la nyumba hii. Siyo lao!

Kisha akamnyanyua Kibonge, akamwambia, usijali, babu, kifua ni chako, hata kama una meno. Baba Kibonge alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mabega yanamcheka.

Alhamisi, 13 Machi

Yamepungua. Naandika hivyohivyo, yamepungua. Leo nyuma ya tangi nimepampu na kupampu, chini ya chupa pamefunikwa tu. Kidole kimoja, basi. Jioni Kibonge kavuta, akaachia, akanitazama, akavuta tena, akalia. Nami nikalia. Titi likikaa bila kukamuliwa vizuri linaanza kuaga, mkunga aliniambia siku ile ya kwanza. Sasa linaaga. Wala sijashindwa na Mkuu, nashindwa na tangi!

Jibu la Mkuu: tutaona. Ndivyo alivyomwambia Miwani. Kesho ndiyo wageni, na yeye ataona lini? Masanduku bado yako vilevile. Mimi nimepiga deki korido mara mbili ili inukie vizuri kwa ajili yao.

Kesho ama ghala, ama mlango. Siendi ghalani. Wakinifukuza nitakwenda kuosha vyombo kwingine, vyombo viko vingi duniani. Lakini sitaondoka nimejificha nyuma ya tangi.

Nilimwambia Baba Kibonge hivyo, neno kwa neno, nikijiandaa anibishie. Hakubisha. Kashika kidogo mkono wa mwanawe aliyelala. Kisha katoka nje, nikasikia mtambo wake unanguruma, na ule mwanga mweupe ukaruka ukutani kupitia dirishani. Kaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti, bado cha moto. Komeo! Nene, zuri, pembe kazipiga msasa zisinikate. Na misumari yake ya kukaza, na bisibisi.

Kasema, huu mwanga wangu mimi. Waambie wavunje na huu.

Nimempenda upya.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa ndani! Mkono wa kushoto pampu, wa kulia kalamu, daftari juu ya goti. Mistari inakwenda ovyo, haidhuru.

Nilifika mapema kabla ya yeyote. Nikamwambia mlinzi, nina kazi na masanduku. Kaniuliza, Mkuu kasema? Nikasema, hajakataza leo. Akafikiri. Akasema, hilo ni kweli, leo bado. Akavua kofia. Tumeyatoa moja moja, mimi nasukuma, yeye anavuta, anatoa tusi kwa kila kona. Miwani katukuta katikati, kashika kichwa, dada umeniua mimi! Kisha kapokea upande wa pili. Sasa yamejipanga koridoni urefu wote, mpaka chini ya ile picha. Anayepita anapita kiubavuubavu. Hakuna lililolowa, hakuna lililovunjika. Dhamana iko salama.

Komeo nimelifunga mwenyewe. Limeingia kama lilizaliwa na mlango ule.

Mkuu alipofika alisimama mwanzo wa korido. Niliona toka mbali. Katazama masanduku, katazama saa yake, wageni walikuwa tayari getini. Mimi nikaingia nikafunga. Krak!

Sikuja na mpango mwingine wowote kichwani. Nimekaa kwenye stuli, nikafumba macho, nikafikiria Kibonge anavyonivuta kidevu. Kwanza hakuna. Halafu tone. Halafu — yameshuka! Yameshuka, yanarukia chupa, nayasikia!

Viatu. Vingi. Wamefika koridoni.

Wamesimama penye picha. Miwani anawaeleza shanga zake, sauti imempanda juu. Mgeni mmoja, mwanaume, anauliza protini yenyewe ni ya nini. Miwani kaanza kukohoa. Mkuu kajibu yeye: ya maziwa. Ya ng'ombe? Hapana, kasema Mkuu. Akaishia hapo.

Mwingine kajigonga kwenye sanduku. Samahani, samahani nyingi. Sasa anauliza, lakini kwa nini haya yasiwekwe kwenye hii stoo? Kitasa kimezunguka. Mlango umesukumwa. Komeo limeshika! Wala halikutikisika.

Nimeacha kupampu. Nimetega sikio.

Kitasa kimeachiwa.

Kina mwenyewe, kasema Mkuu. Hicho chumba kina mwenyewe, tupite.

Hivyo tu! Nimeandika kama nilivyosikia.

Viatu vinasogea, wanapita kiubavuubavu, nasikia makoti yakikwaruza mbao. Jozi moja imebaki. Naiona chini ya mlango, vyeusi, vimenyooka. Anagonga. Kwa kidole. Mama Kibonge, anasema polepole, wageni wasisikie, leza inakusubiri wewe. Nimemwambia bado, Mkuu, mtoto kwanza. Nikadhani atakwenda zake. Hakwenda. Anasubiri mlangoni kwangu! Chupa imepita nusu, wiki hii haijapata kupita nusu, na kichupa chao kiko hapa mfukoni kitupu, nami kabla sijakitia hata tone nataka anitamkie kwa mdomo wake kuhusu ghala, halafu pale chini ya picha lifutwe hilo neno majaribio, waandike — ananiita tena, naam, Mkuu, nakuja, waandike maziwa ya Kibonge.